Kabla Hatujamwambia Bibi Harusi Asitikisike



Wengi wenu mmetuuliza lini tutaandika juu ya piko lisilounguza ngozi, na inshaAllah tutaandika. Lakini leo tuna deni la kulipa kwanza. Deni lenyewe ni la bibi harusi mmoja, na aliyetukumbusha ni mwanamke aliyening'inia kwenye kamba kwa meno yake, huko Paris, mwaka 1879. Tuvumilieni, tutafika.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, na kazi yetu mnaijua. Tunachora hina, tunasinga, tunavisha, na usiku wa kumtoa bibi harusi tunamsimamia jukwaani mpaka shughuli imalizike. Miaka 12 tumeifanya kazi hii, tukajiona tunaijua.

Ilikuwa mfungo mosi wa mwaka 2024, na kama mnavyojua mfungo mosi hapa kwetu harusi zinafuatana kama mawimbi. Ukumbi umejaa wanawake watupu, feni zinazunguka lakini joto liko palepale. Bibi harusi kakaa jukwaani, macho chini, mikono juu ya mapaja ili piko lionekane. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni ila maji na tende mbili, maana tumbo lilijaa wasiwasi na gauni lilikuwa la kubana. Tulikuwa tumeshamwambia kama tunavyowaambia wote: usicheke, usitizame huku na huku, usitikisike.

Baada ya saa nzima alituita kwa kidole. Tukainama. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nasikia kizunguzungu."

Na sisi tukamjibu, "Subiri kidogo, mdogo wetu. Wageni bado hawajamaliza kukutizama."

Hazikupita dakika 15. Aliinama mbele kama mtu anayeokota kitu, akaanguka na vikuba vyake na kila kitu. Alhamdulillah hakuumia. Alipepewa, akapewa maji ya sukari, akafumbua macho. Lakini kuna mambo mawili hatujayasahau. La kwanza, wapo waliomnyooshea simu akiwa chini kabla hawajamnyooshea kipepeo. La pili, mama yake hakutulaumu hata kwa neno moja. Angetugombeza ingekuwa nafuu.

Miezi mitatu baadaye tulikwenda London kumtembelea dada yetu mkubwa. Siku moja mvua ilikataa kukatika, watoto wamechoka na nyumba, akatupeleka National Gallery, lile jumba kubwa la picha pale Trafalgar Square, kwa sababu kuingia ni bure. Hatukuwa watu wa picha. Nyumbani kwetu tumelelewa tusitundike picha za viumbe, khasa chumba cha kuswalia, na mpaka leo hatutundiki. Tuliingia mle kama watu wanaojikinga na mvua.

Kiangazi kile jumba lilikuwa na maonyesho maalumu juu ya picha moja tu. Aliyeichora ni Edgar Degas, Mfaransa, na jina lake ni *Miss La La katika Cirque Fernando*. Inaonyesha mwanamke mweusi akiwa juu hewani, karibu na dari la ukumbi wa sarakasi. Hakushika kitu kwa mikono wala hakukanyaga kitu. Ameuma kipande kilichofungwa mwisho wa kamba, kichwa kimelala nyuma, mikono ameitandaza, miguu ameikunja. Chini yake hakuna wavu unaoonekana. Watazamaji hawakuchorwa hata mmoja, kwa sababu watazamaji ni sisi tuliosimama pale na shingo zetu juu.

Watu walikuwa wakisogea, wakipiga picha, wakiondoka. Mtoto wa dada yetu, ana miaka 6, ndiye aliyeuliza: "Mama mdogo, meno yake hayaumi?"

Tulitizamana. Katika chumba kizima, mtoto ndiye aliyeuliza swali la kuulizwa. Sisi tulikuwa tunasifia rangi: kuta za rangi ya machungwa, nguzo za kijani, dhahabu ya nakshi. Wallahi, tulikuwa tunasifia rangi.

Baada ya hapo tulisoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani, na dada akatuazimia vitabu maktaba. Tuwape kwa ufupi tuliyoyapata.

"Miss La La" lilikuwa jina la kazi tu. Jina alilopewa ni Anna Albertine Olga Brown, na akijulikana kwa Olga. Alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Szczecin, ambao wakati ule ulikuwa wa Prussia na leo uko Poland. Baba yake alikuwa mweusi, mama yake mzungu. Alianza sarakasi tangu mtoto. Mchezo wake uliomtoa jina ulikuwa wa mzinga: alikuwa akijining'iniza kwenye bembea kwa magoti, kichwa chini, ameuma mnyororo unaobeba mzinga wa chuma, na mzinga ule unapigwa ukiwa unaning'inia menoni mwake.

Degas alimwendea zaidi ya mara moja mwezi Januari 1879. Michoro yake ya maandalizi ipo mpaka leo, na mingine ameiandikia tarehe. Alichora mwili wake ulivyokaa, akachora na dari peke yake, akarudia. Hatusemi alikuwa mtu mwema. Hilo halituhusu na hatulijui. Tunasema tu kwamba alirudi. Wengi waliokuwa ukumbini walimwona mara moja, wakapiga makofi wakaenda zao.

Na Olga naye alikuwa na maisha yake nje ya kamba. Alikuwa na mwenzake wa bembea, Theophila Szterker. Mwaka 1888 Theophila alianguka akafariki. Mwaka huohuo Olga aliolewa na mwanasarakasi mwenziwe, Mmarekani mweusi aitwaye Emmanuel Woodson, na wakajaaliwa mabinti watatu. Tulipofika hapo tulikaa kimya. Mwanamke yule juu ya dari alikuwa bibi harusi wa mtu, mama wa watu, na rafiki aliyemlilia rafiki yake. Picha haisemi hayo. Lazima mtu aulize.

Ukumbi wenyewe, Cirque Fernando, ulikuwa Montmartre, mtaa wa wachoraji na watu wa kipato kidogo, ulianza mwaka 1875. Kwa vile wachoraji waliishi jirani, ukumbi mmoja ukazaa picha nyingi ambazo leo zimetawanyika duniani. Tuliposoma habari zake tulikuwa tunajitafuta humo, na tulijikuta mahali ambapo hatukupapenda.

Mwaka uleule wa 1879, Auguste Renoir aliwachora mabinti wawili wa ukumbi ule, Francisca na Angelina Wartenberg. Mmoja alikuwa na miaka 17 na mwingine 14, lakini yeye akawafanya waonekane wadogo zaidi. Mchezo umekwisha. Mmoja amekumbatia machungwa kifuani, mengine yako chini kwenye mchanga. Yametupwa na watazamaji kuwa ni zawadi. Chungwa wakati ule lilikuwa kitu cha thamani kwa watoto wa kimasikini. Mabinti wanang'ara, wameoshwa kwa mwanga. Lakini ukitizama pembeni ya picha utawaona wanaume wenye makoti meusi wamekaa, na humwoni hata mmoja aliyesimama kuwasaidia kuokota. Picha hii iko Chicago. Tuliikumbuka meza yetu ya zawadi ukumbini, na bibi harusi anayepokea bahasha na tabasamu huku miguu imevimba ndani ya viatu.

Georges Seurat yeye alichora kwa nukta ndogondogo za rangi, nukta kwa nukta, kama sisi tunavyojaza ua la piko. Picha yake ya *Sarakasi* inaonyesha mwanamke amesimama kwa mguu mmoja juu ya farasi mweupe anayekimbia. Nyuma yake watazamaji wamepangwa kwa daraja: wenye kofia nzuri mbele, wa bei ndogo juu kabisa wameegemea. Wengine nyuso zao kama watu wanaosubiri basi. Viti vingine vitupu. Farasi na mwanamke wanatoa roho zao, na waliolipa kuja kutizama hawana hata habari. Seurat alifariki mwezi Machi 1891, ana miaka 31, kabla hajaimaliza picha hiyo.

Lakini iliyotuchoma ni ya Henri de Toulouse-Lautrec, ya mwaka 1887 hadi 1888, nayo iko Chicago. Huyu alivunjika miguu yote miwili alipokuwa mvulana, na miguu ikaacha kukua. Alijua mwenyewe watu wanavyotizama. Katika picha yake mwanamke amekaa juu ya mgongo wa farasi, farasi mkubwa anayeonekana kwa nyuma, misuli imevimba. Kati ya uwanja amesimama msimamizi wa sarakasi, koti jeusi, mkononi ana mjeledi. Farasi anakimbia kwa sababu ya mjeledi ule. Mwanamke amegeuza uso kumtizama yeye msimamizi, hawatizami watu. Anasubiri aambiwe afanye nini.

Dada yetu alitucheka, akatuuliza, "Na nyinyi mnakuwa nani hapo? Yule bibi wa farasi?"

Tulitamani tuseme ndiyo. Lakini bibi wa farasi alikuwa yule msichana wetu wa mfungo mosi. Yeye ndiye aliyegeuza uso akatutizama, akaomba kwa kidole. Sisi tulikuwa wa kati ya uwanja. Mjeledi hatukuwa nao, lakini tulikuwa na neno: usitikisike.

Msituelewe vibaya, dada zetu. Hatuifananishi harusi na sarakasi. Harusi ni sunna, na kumtoa bibi harusi mbele ya wanawake wenzake, akapambika, akaombewa dua, ni katika furaha tulizorithi kwa bibi zetu. Haya ya bibi harusi ni pambo lake. Akiinamisha macho kwa haya yake, hiyo ni yake. Tunachosema ni kwamba kutizama kuna adabu, na adabu hiyo si ya kuinamisha macho tu. Tumesomeshwa lini tusitizame. Ni wachache waliotusomesha namna ya kumtizama mtu tunayeruhusiwa kumtizama.

Yupo pia Pablo Picasso. Ukumbi ulipobadilishwa jina ukaitwa Medrano, yeye naye alikuwa akienda. Lakini mwaka 1905 aliwachora wanasarakasi nje ya mchezo, bila ya makofi. Katika picha moja, ambayo iko Gothenburg kule Sweden, baba bado amevaa nguo za kazi, mama amempakata mtoto mchanga, na pembeni amekaa nyani, amenyanyua uso anawatizama kama mmoja wa jamaa. Hakuna anayeruka wala anayerukishwa. Nyani yule ni mnyama wa kazi, kesho atarudi uwanjani, lakini kwa saa ile ameachwa akae. Tuliipenda picha hiyo kuliko zote.

Na sote tumesoma chuoni habari ya yule mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, na malipo yake yalivyokuwa. Paka! Basi vipi binadamu ambaye umemfunga kwa gauni, taji na maneno, naye hajala?

Tumalizie kwa mwanamke mmoja, kisha turudi nyumbani. Suzanne Valadon alizaliwa Ufaransa mwaka 1865, mtoto wa mama mfuaji nguo, baba hajulikani. Alipokuwa kijana aliingia sarakasi, akaanguka, na kazi ikaishia hapo. Akaanza kukaa mbele ya wachoraji ili wamchore. Renoir alimchora, Toulouse-Lautrec alimchora. Miaka yote ile ya kukaa bila ya kutikisika, macho yake yalikuwa yakifanya kazi. Alitizama wanavyoshika kalamu, wanavyochanganya rangi, akaenda kuchora mwenyewe. Degas, yuleyule wa Miss La La, aliona michoro yake, akainunua, akamtia moyo. Mwaka 1894 kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Société Nationale des Beaux-Arts, na akaishi kwa brashi yake. Wanawake aliowachora yeye wanaonekana wazito, wamechoka, wanafikiri jambo lao. Alijua wanavyosikia kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kiti chao.

Kumbe huo ndio ufundi ambao sisi tulikuwa hatuna. Miaka 12 tumesimama nyuma ya kiti, na hatujawahi kukikalia. Mmoja wetu alifungishwa ndoa nyumbani, bila ya ukumbi, kwa sababu ya msiba. Mwingine bado anasubiri riziki yake kwa Mola.

Tuliporudi Unguja, siku ya pili tulikwenda kwa yule bibi harusi. Sasa ana nyumba yake, na alitupokea kwa chai na mikate ya kumimina. Tulimwomba radhi. Alicheka kwanza, akasema yamepita. Kisha akanyamaza, akasema, "Kuanguka sikukumbuki, dada zangu. Ninachokumbuka ni kwamba walikuja wanawake wengi kunitizama, na niliomba Mungu mmoja tu aniulize kama nimekula."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulikunywa chai.

Tangu siku ile tumebadilisha mambo, na tunawaandikia ili bibi harusi yeyote anayekuja kwetu, au kwa mpambaji mwengine, ajue kwamba ana haki ya kuyadai.

Kwanza, hatumvishi bibi harusi asiyekula. Uji, mtindi, ndizi mbivu, chochote, lakini ale mbele yetu. Gauni likibana baada ya uji, basi tatizo ni gauni, na fundi yupo.

Pili, saa ya jukwaa haizidi moja bila ya mapumziko. Tunampeleka chumbani, tunamvua viatu, anakunywa maji, anarudi akitaka.

Tatu, somo wake au ndugu yake mmoja anakaa karibu naye, na kazi ya huyo ni moja tu: kumtizama yeye usoni, si gauni. Akiinua kidole, shughuli inasimama. Mgeni asiyemaliza kutizama atatizama siku nyengine, inshaAllah.

Nne, simu zinakaa kwenye mikoba mpaka bibi harusi mwenyewe aseme ndiyo. Si mama, si wifi, si sisi.

Na la tano ni dogo. Tukishamaliza kumpamba, kabla hajatoka, mmoja wetu anakaa yeye kwenye kile kiti cha jukwaani dakika 10, na taa zote zimewashwa. Tunasikia joto la taa shingoni, tunaona kiti kinavyochoma mgongo. Ndipo tunapojua wapi pa kuweka mto na feni iangalie wapi. Ni jambo jepesi, na tunaona haya kusema kwamba hatukulifanya kwa miaka 12.

Mwezi uliopita alikuja bibi harusi wa Mwanakwerekwe, msichana mchangamfu mashaAllah, akatuonyesha picha kwenye simu yake. Alitaka tundu la dhahabu jukwaani, na ndani yake njiwa weupe wawili, wakae naye usiku kucha chini ya taa. Zamani tungeuliza bei ya tundu. Safari hii tuliuliza: watakunywa maji saa ngapi? Ngoma ikianza watasikiaje?

Alifikiri. Akasema, "Basi tuweke tundu tupu, dada, mlango uwe wazi. Tulijaze asumini."

Ndivyo tulivyofanya. Usiku ule ukumbi mzima ulinukia, na bibi harusi alikaa jukwaani mara mbili, nusu saa na nusu saa. Mara ya pili alinyanyua macho akacheka na shangazi zake. Bibi mmoja mzee wa safu ya mbele alitugeukia akatuambia, "Wapambaji, mbona huyu mmemwachia anacheka?"

Tukamwambia, "Bibi, tumemuuliza kama amekula."

Wabillahi tawfiq. Na piko, inshaAllah, wiki ijayo.